Mtoto Mmoja, Kuta Mbili

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimempata! Nilikwenda Kilburn, upande wa pili wa London, kupeleleza kidogo, nione nyumba ya Bwana Shaame ina mapazia ya namna gani. Mvua ikanikimbiza ndani ya duka la mitumba. Na huko, nyuma ya meza ya kupigia pasi, mtoto wa kifalme ananitazama. Picha ya kuchorwa kwa mkono. Fremu ya dhahabu. Kubwa kama mlango wa kabati. Mtoto wa miaka miwili hivi, kanzu mpaka miguuni, kofia ya kutarizi, na shingoni mkufu wenye hirizi ya marijani nyekundu. Rangi yake maji ya kunde, kama sisi. Huyu ni mtoto wa jumbani Unguja, sina shaka hata chembe. Nani mwingine duniani anamvalisha mtoto wa kiume kanzu, kofia na hirizi kwa pamoja?

Muuzaji akasema anadhani ni msichana wa Kizungu. Msichana! Na kofia ile! Nikamwacha na ujinga wake, nikabeba picha yangu.

Kilburn mpaka Stratford ni treni moja tu, namshukuru Mungu. Hata hivyo mama mmoja aliniomba mara kadhaa nimwondolee mtoto mbavuni.

Sasa sababu. Kesho wanakuja washenga kumposa dada yangu Suad. Suad ni mjane. Tangu mke wangu afariki, yeye ndiye anayetupikia na kututunza, mimi na binti yangu Ibtisam. Bwana Shaame ni mjane pia. Walionana kwenye khitma, yeye akipakua pilau, bwana akirudi na sahani tupu mpaka watu wakaanza kuhesabu. Siku hizi Suad anacheka peke yake jikoni. Miaka mingi sijamsikia akicheka jikoni. Naitaka ndoa hii, naitaka sana.

Ila kuna Bi Faridah, mdogo wake Shaame, ambaye ndiye atakayeongoza washenga. Nimepata habari kwamba aliuliza juu yetu mbele ya watu: hawa kina Muhsin ni watu wa wapi hasa? Hasa! Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Kesho atakaa kwenye kochi, atainua macho, na atajua ni watu wa wapi hasa.

Suad aliuliza picha imetoka wapi. Nikasema kwa binamu yetu wa Portsmouth, ilikuwa imehifadhiwa darini kwake. Ibtisam akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba dari ya binamu ina stika ya duka. Nikaibandua. Kisha akatoka kwenda ghorofa ya tatu kurudisha bakuli la jirani. Kila siku bakuli hilo linarudishwa. Kwa nini halifiki, sijui.

Jumapili, 5 Oktoba

Ushindi!

Bi Faridah alikuja na wazee wawili. Nilimkalisha mahali ambapo hata angetaka kuikwepa picha asingeweza. Suad alikuwa jikoni, kama inavyotakiwa. Chai ikaja, sambusa zikaja, visheti vikaja. Bi Faridah akainua macho. Kikombe kikagota kwenye kisahani.

Akauliza huyu ni nani. Nikasema, kwa utulivu, kwamba ni mtoto wa jumbani. Akauliza imefikaje kwetu. Hapo nikashtuka kidogo, maana swali hilo sikulitayarishia jibu. Lakini mdomo wangu haujawahi kuniangusha. Ukasema wenyewe: mama yangu ndiye aliyemnyonyesha. Mama wa mtoto alikuwa mgonjwa, wakatafuta mji mzima mwanamke wa nyumba njema mwenye maziwa, wakamchagua mama, ambaye wakati huo alikuwa akininyonyesha mimi. Picha ndiyo shukurani yao.

Sijui imetoka wapi, lakini hata mimi iliniliza.

Bi Faridah akauliza kwa sauti ya chini kama alimnyonyesha mara moja mbili hivi, kwa dharura. Mara moja mbili! Ndivyo anavyotaka kutupunguza! Nikasema miaka miwili kamili. Maziwa mengine mtoto aliyakataa. Nikaongeza kwamba alikuwa akila na fungu langu, ndiyo maana mimi sikurefuka. Mzee mmoja akasema Subhanallah. Bi Faridah akaniomba nirudie maneno hayo mbele ya wazee wote wawili. Nikarudia kwa furaha.

Waliondoka hata sambusa hawajazimaliza. Suad akatoka jikoni kuuliza kwa nini hawakutaja siku. Nikamwambia wamezidiwa na heshima.

Jumatatu, 6 Oktoba

Lahaula! Lahaula! Lahaula!

Bi Faridah amepiga simu. Kumbe picha hiyo hiyo iko ukutani kwa Bwana Shaame, Kilburn. Fremu hiyo hiyo, kanzu hiyo hiyo, hirizi hiyo hiyo. Na mtoto aliyemo, kwa maneno ya Shaame mwenyewe, anayoyasema kwa kila mgeni miaka kadhaa sasa, ni Shaame! Alichorwa akiwa na miaka miwili, ndivyo asemavyo.

Nikasema basi hongera, tumekuwa watu wamoja. Bi Faridah akasema ndiyo tatizo. Kama mama yangu alimnyonyesha Shaame miaka miwili kamili, basi Shaame amenyonya ziwa moja na mimi na Suad. Ni kaka yetu. Hakuna sheikh duniani atakayemwoza mtu dada yake. Posa imevunjika. Alikuwa akilia. Sikutegemea kwamba mwanamke yule analia.

Suad alisikia yote, simu yangu ina sauti kubwa. Hakupiga kelele. Alizima jiko, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Chakula cha jioni hakikuwapo. Tulikula mkate mkavu. Ibtisam aliuliza kama kweli bibi yake alimnyonyesha mtoto wa watu. Nikamwambia asiingilie mambo ya wakubwa.

Ningeweza kukiri. Neno moja: nilisema uongo. Lakini yule mzee wa Subhanallah ndiye mwenye kundi la simu la Wazanzibari wote, kuanzia Stratford mpaka Slough. Kabla ya swala ya isha jina langu lingekuwa limesagwa likawa unga. Na nisipokiri, Suad anabaki kutupikia sisi mpaka mwisho wa umri wake, tena bila kucheka. Sitaki hili, sitaki lile. Lazima kuna njia ya tatu. Mimi ni mtu wa njia za tatu.

Jumanne, 7 Oktoba

Njia ya tatu ya kwanza. Nilikumbuka darasa la chuoni: mtoto hawi ndugu mpaka anyonye mara tano. Mara nne si kitu! Nikakimbia kwa sheikh wa msikiti wetu, nikamweleza kwamba nimekaa, nimefikiri, na nakumbuka vizuri sasa kwamba mama alimnyonyesha yule mtoto mara nne tu.

Sheikh akaniuliza, kama alininyang'anya fungu langu mpaka nisirefuke, ilikuwaje kwa mara nne? Kumbe mzee wa Subhanallah alikwishamfikia. Akauliza tena, kwa upole wote, kama nilikuwa nikisema uongo juzi au nasema uongo leo. Nikasema nitamrudia.

Nyumbani Suad aliniweka chini. Akaniuliza uso kwa uso: Kaka, mama alimnyonyesha mtoto wa watu? Yeye amezaliwa miaka mingi baada yangu, hawezi kulijua hilo, na hapo ndipo penye usalama wangu. Nikaitazama picha badala ya kumtazama yeye. Nikasema mama alikuwa na siri nyingi.

Nimejichukia. Mama hakuwa na siri hata moja. Alikuwa akisema kila kitu, kwa sauti, dirishani.

Lakini baada ya chai akili ilirudi. Nikimpata mtoto halisi wa picha hii, mtoto mwingine wa jumbani, mwenye jina lake, itakuwa imethibitika kwamba si Shaame. Mama anabaki na heshima yake, Suad anapata mume, na mwongo anakuwa Shaame peke yake. Sioni pa kukosoa. Nikaigeuza picha. Nyuma kuna muhuri wa karakana: jina, mtaa, na Croydon. Kesho!

Jumatano, 8 Oktoba

Croydon. Ukishuka treni unalipita lile jengo kubwa la uhamiaji. Miaka mingi nimeshapata uraia, lakini nikilipita tu, mkono unatafuta pasipoti mfukoni wenyewe. Leo nilikuwa na mtoto wa mfalme kwapani na bado nilitafuta.

Karakana iko juu ya duka la mazulia. Mwenyewe ni mama anaitwa Rupa, aproni imejaa rangi, brashi imechomekwa kwenye nywele, mdomo mkali. Niliifunua picha kwa taadhima. Hakuvaa hata miwani. Akasema hiyo ni yake.

Nikamwambia haiwezekani, picha hii ni ya zamani sana, ya Unguja. Akanionyesha chini ya kanzu, kwenye pindo la lesi: samaki mdogo, huwezi kumwona usipoonyeshwa. Hiyo ndiyo alama yake, anaificha kwenye kila nakala. Amezichora nyingi. Hoteli moja ilitaka mtoto wa kifalme kwenye kila ujia. Hoteli ikafungwa, watoto wakatawanyika London nzima.

Nikaketi juu ya ndoo.

Akasema wa asili ni mtoto wa mfalme wa Ulaya huko, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na hata yeye Rupa hajapata kumwona. Alinakili nakala iliyonakiliwa na mwingine. Ni mvulana, hilo nilipatia. Lakini nikaambiwa enzi hizo wavulana wao walivaa magauni mpaka miaka sita hivi. Gauni! Kofia ni ya kuzuia baridi. Nikauliza rangi ya ngozi. Akasema ni vanishi, anaitia rangi ya chai ili picha ionekane kuukuu, wateja wanapenda ukuukuu. Nikang'ang'ania hirizi. Hirizi ni hirizi! Akasema hilo ni tawi la marijani la kung'ata mtoto anapoota meno, ameshalichora mpaka amelichoka, na kama nataka kubishana nikabishane na ufizi.

Jambo moja tu lilinifariji. Alisema watawala wa zamani walikuwa wakitengeneza nakala za picha za watoto wao na kuzipeleka nchi za mbali, kwa jamaa na kwa wakwe watarajiwa, ili watoto wachumbiwe. Kwa hiyo ni picha ya posa! Nilijua tu ina kazi hiyo.

Kwenye treni nilikuwa na ukweli wote mapajani. Ningempigia Bi Faridah, ningesema picha imetoka Croydon, na mambo yangeisha kabla ya kufika Stratford. Simu niliishika mkononi. Lakini kama mtoto ametoka Croydon, mama yangu alimnyonyesha nani? Simu nikairudisha mfukoni.

Njia ya tatu ya pili imenijia karibu na kushuka. Kidoa! Rupa akimtia mtoto wangu kidoa cheusi shavuni, atakuwa mtoto mwingine kabisa. Ndugu yake labda. Wangu ana kidoa, wa Shaame hana, kila mtu na mtoto wake. Hakuna atakayehitaji kukiri chochote.

Alhamisi, 9 Oktoba

Croydon tena, picha kwapani tena. Bega limevimba.

Rupa alisikiliza ombi langu akakunja uso. Akasema nyie watu na vidoa vyenu! Nikamuuliza watu gani. Akasema habari za wateja hawapi wateja wengine. Sikuwa na nafasi ya kumchimba. Nilimwonyesha shavu la kulia. Akasema la kulia lina kivuli, kidoa hakitaonekana, lazima kikae la kushoto. Akachovya, akagusa mara moja, kwisha. Kazi nzuri mno! Utadhani mtoto alizaliwa nacho.

Akanionya kwamba hiyo ni rangi ya mafuta, niiache ikauke siku kadhaa bila kuguswa. Nikaitikia. Nani ataigusa?

Nikiondoka akauliza kama kuna harusi au mashindano. Nikasema harusi, inshallah. Akatikisa kichwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nilimpigia Bi Faridah. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyetafakari, kwamba nimeisafisha picha vumbi na kugundua jambo. Mtoto wetu ana kidoa shavu la kushoto. Bila shaka wenu hana. Kwa hiyo ni watoto wawili tofauti, na mama yangu hakumgusa Shaame.

Akasema kesho atakuja na picha yao, na sheikh pia, tuziweke pamoja tuzilinganishe. Alikuwa na furaha kama msichana. Akasema kaka yake hali, hasemi, na jana alitoka na picha yake siku nzima bila kusema anakwenda wapi. Masikini, nikafikiri, anaaga utoto wake.

Suad alitoka chumbani. Akasimama mbele ya picha muda mrefu. Akasema hakikumbuki kidoa hicho. Nikasema ni vumbi tu lilikuwa limekifunika. Akanitazama namna ambayo mama alikuwa akinitazama nikirudi na shati limechanika na maelezo marefu. Lakini alipika. Samaki wa nazi. Nilikula, ingawa nilikuwa nikimeza kwa shida, maana alikuwa akiimba kidogo kidogo na mimi najua anaimbia kidoa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Walikuja adhuhuri. Bi Faridah, sheikh, na picha imefungwa shuka. Shaame alibaki garini, kwa sababu mposaji hakai kwenye kikao cha posa yake. Tukaziweka picha mbili kwenye kochi, bega kwa bega. Bi Faridah akavuta shuka.

Mtoto wao naye ana kidoa. Shavu la kushoto. Mahali pale pale.

Bi Faridah alishika mdomo. Akaapa kwamba anaifuta vumbi picha ile kila Idi na hajaona kidoa. Sheikh akavaa miwani, akainama. Akasema kwa masikitiko kwamba sasa shaka imeondoka, ni mtoto mmoja. Nikamtafuta Rupa kichwani mwangu, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Halafu sheikh akanyoosha kidole akakigusa kidoa cha mtoto wangu. Kidole kikatoka cheusi. Akakitazama. Akanyoosha kidole kingine, akakigusa cha mtoto wa pili. Nacho kikatoka cheusi. Akabaki amesimama na vidole viwili hewani kama mtu anayepiga kura mara mbili.

Suad akaingia jikoni, akarudi na kitambaa chenye mafuta ya kupikia, akampa sheikh ajifute. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba yeye ni mtu mzima, amemzika mume, amelea nyumba mbili, na hatazuiwa kuolewa na kidoa ambacho hata hakijakauka. Anayejua lolote aseme sasa.

Nilijua. Nilijua yote, tangu duka la mitumba mpaka samaki wa kwenye lesi. Nikatazama zulia. Ibtisam alikuwa akinitazama, nilihisi macho yake kichwani. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniangusha, ukajifunga.

Aliyesema alikuwa mlangoni. Shaame. Alikuwa amepanda ngazi badala ya kungoja garini, koti limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Akasema mtoto yule si yeye.

Akasema alitolewa Unguja akiwa mikononi mwa mama yake, mbio mbio, na katika mbio zile hakuna aliyekumbuka picha. Hana picha yake hata moja ya utotoni. Hajui alikuwa na uso gani. Siku hoteli ilipokuwa ikiondosha vitu vyake alimwona mtoto huyu, na kanzu na kofia, akafikiri huenda naye alikuwa hivi. Akamtundika. Mgeni wa kwanza akauliza, ni wewe? Akasema ndiyo. Tangu hapo hakupata njia ya kurudi nyuma. Kidoa alikwenda kukitiwa Croydon juzi ili mtoto wake awe tofauti na wetu. Akasema heri akose utoto kuliko kumkosa Suad.

Bi Faridah akaketi sakafuni. Na mimi sina picha ya mama yangu. Hata moja. Nimeishi miaka hii yote nikidhani ni mimi peke yangu, na mtu wa Kilburn alikuwa na ukuta mtupu kama wangu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema langu. Niliufungua mdomo, naapa. Lakini sheikh akanigeukia akauliza: basi mama yako alimnyonyesha nani? Wote wakanitazama. Nikasema, huenda alikuwa mwingine.

Suad akacheka. Alicheka mpaka akakaa mkono wa kochi, akashika mbavu, akapangusa macho kwa kona ya kile kile kitambaa chenye mafuta. Akasema sawa, kaka, alikuwa mwingine, na popote alipo Mungu amjalie afya. Sheikh akasema kwa upande wa Bwana Shaame haoni kizuizi chochote. Kwa upande wangu alinishika bega tu, akaliminya kuliko ilivyohitajika. Tena lile lile lililovimba.

Jumapili, 19 Oktoba

Ndoa imefungwa Kilburn. Mimi ndiye walii, nilimpa Shaame mkono wangu nikatamka maneno, na sauti ikanikatika katikati. Watu wakadhani ni mafua. Yule mzee wa Subhanallah alikuwa mstari wa mbele akinitazama kwa jicho la pembeni, lakini kundi la simu liko kimya. Suad ndiye aliyemwomba anyamaze. Nimelijua hilo leo, kutoka kwa Ibtisam.

Picha ya Shaame imebaki ukutani kwake. Mgeni mmoja aliuliza, ni wewe? Akajibu kwamba si yeye, ni mtoto wa Croydon, lakini amemzoea. Suad akamwekea sahani ya pili bila kuombwa.

Bi Faridah alinisogelea na biskuti. Nikajiweka tayari kwa swali la watu wa wapi hasa. Akasema tu kwamba sambusa za siku ile zilikuwa nzuri na anasikitika aliziacha. Nimeshindwa kumchukia. Inaniudhi sana.

Nyumba imekuwa kubwa. Jikoni hakuna anayecheka. Nimeunguza wali.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mwezi huu umenifundisha mengi na nayaandika hapa nisiyasahau. Kosa halikuwa picha. Kosa lilikuwa kwenda mpaka jumbani, na kutosubiri rangi ikauke.

Kwa hiyo nilikwenda Croydon kumshukuru Rupa, nikarudi na msichana. Binti mfalme, gauni la kijani, lulu shingoni, mbwa mdogo mapajani. Huyu nitasema ni bibi yangu mzaa baba, basi, sitaki makuu. Mbwa nilimwomba Rupa amgeuze paka. Alilalamika mpaka mwisho lakini kamgeuza, na safari hii nilisubiri mpaka kikakauka kila kitu. Nimejifunza!

Imekuja wakati mwafaka. Ibtisam ameniambia, kwa Kiswahili kabisa, kwa hiyo nikajua ni jambo zito, kwamba kijana wa ghorofa ya tatu atatuma watu Jumapili. Kumbe ndilo bakuli! Kijana mzuri, amezaliwa jengo hili hili, rika moja na yeye. Mama yake ni muuguzi. Binti yangu alinishika mikono miwili akaniomba, Baba, ukiwakaribisha sema karibuni tu, usiongeze neno. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya shangazi yake. Nimemwahidi. Jumapili sitaongeza neno.

Leo lakini ni Jumamosi. Nimekutana na mama wa kijana kwenye ngazi, amebeba mifuko, nikamsaidia. Mambo ya jumbani sikuyagusa kabisa. Ila nimeona si vibaya ajue kwamba wanaingia nyumba yenye huruma. Nikamkumbusha enzi zile za zamu zake za hospitali, alipokuwa akimwacha kijana kwetu angali mchanga. Nikamwambia jambo ambalo hakuwa akilijua: marehemu mke wangu hakuwa na ubaguzi, hakumwacha mtoto wa watu alie na chupa. Alikuwa akiwanyonyesha wote wawili, Ibtisam huku, kijana huku, mwaka mzima.

Aliweka mifuko chini, akaushika ukuta. Naona imemgusa sana.